Mpaka Wangu ni Ziwa

Mguu wangu wa kulia ulizama mpaka goti, na ulipotoka ulitoka na pampasi. Si pampasi mpya. Ilikuwa imekaa humo ardhini hata imevimba kama andazi lililodondokea kwenye ndoo, na pembeni yake wametoka funza weupe wanajinyonganyonga kwa sababu nimewaamsha. Nikasimama kwa mguu mmoja nimemshika mwanangu bega, kanga imelowa maji meusi, na yeye ananiambia, "Mama, kanyaga huku, huku pameshashindiliwa."

Hapo ndipo alipotaka kujenga nyumba.

Nieleze kwanza ni wapi, maana watu wa mbali wakisikia Kigoma wanadhani ni dagaa na treni basi. Nyumba yangu iko Kasingirima, upande wa Ujiji. Shamba langu liko chini zaidi, linateremka mpaka ziwani: juu mihogo na michikichi mifupi ya mbegu mpya, chini michikichi mirefu ya zamani. Aliniachia mama yangu, ambaye alilifyeka kwa mikono yake. Karibu na maji nina kichanja cha kuanikia dagaa, cha wavu wa waya juu ya nguzo. Mimi siuzi dagaa wa kuanikwa mchangani. Wa mchangani ukitafuna unasikia sauti kichwani kama unatafuna barabara. Kwa dagaa wangu na mawese yangu nimesomesha watoto wote niliozaa, wakati mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Kusoma najua. Kuandika naandika polepole, lakini ninachoandika kinasomeka.

Shamba linapoishia yanaanza matete, marefu kuliko mtu, miguu yao ndani ya maji. Baada ya matete kuna mchanga mweupe chini ya maji masafi, halafu ndiyo ziwa lenyewe. Sitawadanganya kwamba niliyapenda hayo matete. Mimi si mpenzi wa wanyama. Mle anakaa kenge ambaye amekula dagaa wangu tangu hajawa mkubwa, na sasa amenenepa kama mkwe wa tajiri. Anakaa fisi maji, ambaye kinyesi chake kinanuka samaki aliyeoza mara mbili, na hakiweki kwingine ila juu ya jiwe ninalokalia. Mbu wa mle wanauma hata ukiwa umejipaka mafuta ya taa. Ila samaki wanazalia mle, hilo kila mtu wa huku anajua, hata mlevi. Sangala wadogo wanajificha kwenye matete mpaka wapate mwili wa kutoka. Na pale kwenye mchanga anakuja kuhe.

Kuhe ni samaki mkubwa wa manjano mwenye madoa meusi. Akiwa na watoto hali chochote. Anasimama juu yao yeye na mume wake, watoto weusi tele kama mtu amemwaga ufuta majini, na anapigana na kila kinachopita. Hata mguu wa mtu anaugonga. Mama yangu alitukataza kabisa kumvua kuhe mwenye watoto. Nilipojifungua kila mtoto alinipikia mchuzi wa kuhe, lakini alimnunua kwa wavuvi wa maji marefu, na aliuliza kwanza kama hakutolewa kwenye watoto.

Basi ikaja ile miaka ziwa lilipopanda. Sina haja ya kuwasimulia watu wa Kigoma, walioona nyumba zinaingia majini na mialo ya mitumbwi inapotea. Kwangu lilipanda likameza matete, likameza kichanja, likaingia shambani mpaka kwenye mistari ya chini ya michikichi. Ile michikichi ikafa imesimama. Imebaki vigogo bila vichwa, ndege weusi wa mnandi wanakaa juu yake wanakunya mchana kutwa, imekuwa myeupe utadhani imepakwa chokaa.

Ziwa likakaa, kisha likaanza kurudi polepole. Maji yakateremka, tope likatokea, matete yakachipua upya, mimi nikajenga kichanja kingine. Na pale tope lilipotokea, dalali naye akatokea.

Alikuwa kijana wa rika la mjukuu wangu wa kwanza, kofia imegeuzwa nyuma, viatu vyenye ncha ya kuchokonolea sikio. Nilimkuta asubuhi moja anachomeka vijiti kwenye matete, kila kijiti amekifunga kipande cha mfuko mwekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa au kunizika?"

"Nimekuja kukuletea majirani, bibi. Hii ardhi mpya hii. Ziwa limetupa lenyewe."

"Limekupa wewe? Lilikuita kwa jina?"

Alicheka, akaendelea kuchomeka. Mwenzangu wa kichanja alikuwa anatusikiliza. Huyu ni mama wa rika langu, wazazi wake walivuka kutoka Kongo wakakaa hapa, na yeye amezaliwa hapahapa lakini ulimi bado uko ng'ambo. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Minakuambia, huyu mutoto anauza maji. Kesho atauza na mvua."

Tulicheka sote watatu. Nilidhani ni mchezo. Nani atanunua tope?

Lakini dalali alijua mji wake. Mji umejaa. Watu wanazaa, watu wanahamia, vyumba vya kupanga vinagombaniwa. Viwanja vilivyopimwa viko juu huko, bodaboda inapanda inalia, na ukifika maji hakuna. Mtu akiambiwa kuna kiwanja ziwani, dakika chache kutoka barabarani, anaona miujiza. Tatizo lilikuwa tope, na dawa ya tope dalali akaipata bure.

Maguta na magari yaliyokuwa yanazoa taka sokoni na majumbani yakaacha kupanda nazo dampo. Yakawa yanateremka kwake. Yeye anapata kifusi, wao wanaokoa mafuta, wenye nyumba wanaona uani kwao pasafi. Mji mzima ulikuwa umeridhika, isipokuwa mimi ninayekaa chini upepo unakokwenda. Niliona wanamwaga matumbo ya samaki, manyoya ya kuku, magodoro yaliyokojolewa na vizazi viwili, maganda, betri, na pampasi. Pampasi! Sisi tulilea kwa vitambaa, tukafua, tukaanika. Siku moja niliona nywele zimetokeza kwenye lundo nikapiga kelele nikidhani wamemtupa mtu. Zilikuwa nywele bandia za saluni, na panya amezalia humo.

Juu ya uchafu huo wakamwaga udongo mwekundu, ambao nao waliuchimba mlimani kwenye miti waliyokata. Ukitazama kutoka barabarani unaona uwanja mzuri, mwekundu, umesawazishwa. Ilikuwa ni kupaka wanja jicho lenye usaha.

Kisha nzi. Nzi wa kijani, wanene, walioshiba hata kuruka hawataki. Wakahama kutoka kwenye lundo wakaja kwenye kichanja changu. Mnunuzi wangu wa siku zote, mama anayepeleka dagaa Tabora, aliinua kiganja cha dagaa akanusa, akawarudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake.

"Leo hapana, mama."

"Wana nini?"

"Hawana kitu. Leo hapana tu."

Katika maisha yangu yote ya dagaa sijawahi kurudishiwa. Nilikaa pale nikiwatazama wale nzi wanavyopangusa mikono yao juu ya jasho langu.

Haukupita muda ziwa likafungwa. Siku hizi kila mwaka wanalifunga kwa miezi kadhaa, hakuna kuvua, ili samaki wazaane. Tunakaa na vichanja vitupu, tunakula maharage mpaka tumbo linazungumza, na anayekamatwa na wavu anajuta. Haya, tumekubali. Na humohumo kwenye miezi hiyo, mchana kweupe, magari yanateremka kufukia matete.

Mwenzangu aliniuliza, "Sasa hao samaki bazalie wapi?"

Nikamwambia, "Kwenye pampasi."

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa siku mwanangu aliponiambia nimsindikize nikaone kitu. Huyu ni mwanangu wa kwanza. Anauza vifaa vya ujenzi Gungu, misumari, mabati na rangi, na amepanga vyumba viwili na mke na watoto wanne. Wajukuu zangu wakija kwangu wanalala wamejinyoosha kama watu. Kwao wanalala wamekunjana kama nguo sandukuni. Yule wa kike mkubwa anaongoza darasani, nalisema hata nisipoulizwa, na madaftari yake anayaandikia juu ya ndoo iliyofunikwa kwa sababu meza haina pa kukaa. Kwa hiyo mwanangu aliposema "kiwanja", moyo wangu ulifurahi. Nikavaa kanga nzuri. Tukateremka njia ya shamba langu mwenyewe, tukapita kichanja changu mwenyewe, nikadhani amekosea njia.

Mengine nimeshaeleza. Nilioga mara tatu siku ile, nikasugua mguu kwa majivu, na bado nilipoufikisha karibu na mkeka nilisikia harufu.

Aliponifuata jioni kuniomba radhi nilimwuliza, "Umenunua?"

"Nimetanguliza kidogo, Mama. Nitamalizia siku ya mpaka."

"Umenunua choo cha mji mzima."

"Kikiwekwa zege utasahau. Mama, mimi nauza saruji, naijua. Na kila mtu anataka ziwani. Wenye hoteli wako ziwani."

"Na ziwa likirudi?"

"Ziwa limesharudi kwao."

"Kwao ni hapo uliponizamishia mguu."

Kisha akasema neno lililonichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. "Niambie basi nijenge wapi. Niambie wewe, Mama. Wajukuu zako walale juu ya miti?"

Nilimpa chai akanywa akaenda.

Sasa hiyo siku ya mpaka. Huku mitaani kwetu kiwanja hakijauzwa mpaka jirani aliyepakana nacho aitwe, aje kwa miguu yake, aweke mguu pale anapoishia, na aseme mbele ya watu: mimi naishia hapa. Mwenyekiti wa mtaa anasikia, mnunuzi anasikia, watu wanakunywa soda, wanatawanyika. Hata uwe na karatasi yenye mihuri mingapi, kama jirani hakuweka mguu watu watakuambia kiwanja chako kinaelea. Mimi nimeweka mguu kwenye mipaka mingi ya mtaa huu, maana wazee waliojua nani anaishia wapi wamepungua. Na vile viwanja vya dalali vilivyopangwa kwenye matete, vyote mgongo wake uko kwenye shamba langu. Jirani wa juu ni mimi peke yangu. Dalali hakuona shida hapo. Bibi atakuja, bibi ni mama wa mteja, bibi atakunywa soda.

Walikuja asubuhi. Mwenyekiti na kalamu mfukoni, dalali na kreti la soda, wanunuzi wamejipanga, mwanangu amevaa shati la kanisani. Mwenzangu wa kichanja alikuja bila kuitwa, akakaa juu ya ndoo kama yuko sinema.

"Mama," mwenyekiti akaanza kwa adabu, "tunakuomba utuonyeshe unapoishia ili hawa vijana nao wajue wanapoanzia."

"Nifuateni."

Dalali alikuwa amesimama kwenye mchikichi wangu wa mwisho ulio hai, amenielekezea kwa mkono kama anamwelekeza mgeni kiti. Nikampita. Nikapita na vile vigogo vilivyokufa vyenye mavi ya ndege. Nikapita vijiti vyake vyenye mifuko myekundu, nikakanyaga ule udongo mwekundu nao ukabonyea na kupumua chini yangu harufu yake. Nikasikia nyuma wananong'ona. Nikaingia kwenye matete yaliyobaki, nikayatenga kwa mikono, nikaingia majini mpaka magotini, mpaka nikasikia mchanga chini ya nyayo. Nikageuka.

"Naishia hapa."

"Bibi," dalali akaita, hataki kulowesha viatu, "hayo ni maji!"

"Ndiyo. Jirani yangu ni huyu. Mwulizeni yeye kama anauza."

Watu wakaangua kicheko. Mwenzangu akapiga kigelegele kilichowatoa mnandi kwenye vigogo vyao. Mwenyekiti hakucheka. Alitazama kreti la soda, akanitazama mimi.

"Mama, tuzungumze vizuri. Mbele ya hiyo michikichi pameshakuwa pakavu."

"Wewe umesahau? Miaka ile maji yalikuwa mpaka kule inapoanzia michikichi iliyo hai. Ulikuja kunipa pole kwa mtumbwi. Ulifungia mtumbwi kwenye mchikichi wangu! Nilikuwekea uji ukanywa humohumo mtumbwini, hukutaka kushuka."

Akashika kidevu. Wanunuzi wawili wakaanza kutazamana.

Wakati wanabishana nikasikia kitu kinanigonga mguu, kwenye mfupa. Nikatazama chini. Kuhe. Jike, ameshakonda ubavuni kwa kutokula, na nyuma yake watoto wake, lile wingu la ufuta. Mfuko wa plastiki ulikuwa unaelea juu yao, nao dalali angeweza kuutambua kwa rangi yake. Kuhe akaniacha mimi, akaupanda ule mfuko akaugonga kwa pua, ukaenda, ukarudi, akaugonga tena. Alikuwa anapigana na mfuko. Niliuokota nikaukunja nikauweka kifuani ndani ya blauzi, ukinuka vile ulivyonuka, kwa sababu sikuwa na pa kuutupa.

Nilipotoka majini mwanangu alikuwa ameshapanda nusu ya njia. Nilimfuata.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Mama."

"Nguo uliyovaa ilikuwa inanuka."

Halikuwa jibu la mama, lakini ndilo lililotoka. Akaenda zake, akawasha pikipiki, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena kwangu. Wajukuu nao hawakuja. Mkewe alinipigia simu, akasema watoto wana mitihani. Mitihani ya nini, ya yule anayejifunza kutembea?

Mwanangu na wale wengine hawakumalizia kununua. Dalali alinipitia kichanjani siku moja, hakuamkia. "Bibi, umenifungia biashara." Nikamwambia, "Na wewe umenifungulia nzi." Nasikia sasa yuko Ilagala, anaonyesha watu majani ya mdomoni mwa mto Malagarasi. Lakini taka zake hakwenda nazo. Ziko palepale. Mvua ikinyesha udongo mwekundu unaoshwa na meno ya lile lundo yanatokeza.

Habari ya bibi aliyesema mpaka wake ni ziwa ilitembea mjini, watu wakaicheka sokoni, ikafika manispaa. Wakaja watu wa mipango miji. Aliyewaongoza alikuwa binti mdogo mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yake, akitembea yanalia kwap kwap. Aliniamkia vizuri, akaniambia wanachora mpango wa upande huu wote, wapi nyumba, wapi barabara, wapi pa kuachwa.

"Bibi, tumeambiwa mpaka wako ni ziwa."

"Ndivyo."

"Basi tutapimia hapo."

Nikafurahi. Nikawaletea maji ya kunywa. Wakavuta kamba yao kutoka majini, mita sitini, wakapita mchanga, wakapita matete, nami ninawashangilia moyoni. Wakapita lundo la taka. Wakapita vigogo. Wakapita kichanja changu. Wakaingia kwenye michikichi yangu iliyo hai, mstari wa kwanza, wa pili, wakaendelea, wakasimama katikati ya shamba, wakachimba shimo na kusimika bikoni ya zege, alama yao ya mpaka.

"Na hiyo?" niliuliza.

"Kuanzia hapa kushuka ni ufukwe wa kuachwa, bibi. Michikichi iliyopo utavuna. Kichanja hakina msingi, kitakaa. Kupanda mpya hapana, kulima hapana, kujenga hapana."

"Niliyemzuia dalali ni mimi, na ninayekatwa ni mimi?"

"Kamba ni ileile kwa kila shamba linalogusa ziwa, bibi. Hata mwenye hoteli tumemwekea."

Nilimtazama yule binti kama ninavyomtazama kenge. Mwenzangu akaninong'oneza, "Sema ulikosea. Sema mupaka wako uko pale juu kwa muchikichi alipoonyesha dalali, hii ya huku chini haikuhusu. Basi kamba itaishia mbele yako."

Nililifikiria. Msidhani sikulifikiria. Ningesema tu kwamba nilichanganya siku ile, mzee mimi, ningeaminiwa. Shamba langu lingesalimika. Lakini nikisema pale chini si pangu, basi pana nafasi ya mwingine, na dalali si mmoja, wako wengi, wamejaa mjini kama wale nzi. Mate yalikuwa machungu mdomoni. Nikayatema. Nikamwambia binti, "Mpaka wangu ni ziwa. Nilishasema." Nikanyang'anya kikombe changu cha maji, nikaenda nyumbani bila kuaga.

Zile siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuepukwa. Nilikuwa nikikaa chini ya michikichi yangu ninaitazama ile bikoni imesimama shambani kama jino la mtu mwingine mdomoni mwangu. Na neno la mwanangu lilikuwa linazunguka: niambie nijenge wapi. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na ramani, na jibu lilikuwa limekaa juu yangu, kule kwenye mihogo na michikichi mifupi, ambako binti wa gambuti alikuwa amechora, kwa kalamu yake, kwamba nyumba zinaruhusiwa.

Ile michikichi mifupi ndiyo fahari yangu. Inazaa chini, naivuna nimesimama, bila kumlipa mpandaji. Mawese yake ni mekundu, mazito, watu wanatoka mbali kuyauliza.

Nilingoja aje aniombe. Hakuja. Kichwa kigumu kama changu, nilimzaa mwenyewe. Mwisho nikaita mkata miti. Alipofika akazunguka ile michikichi, akashika shoka, akalishusha. "Mama, hii inazaa."

"Mimi nimekuita ukate, sikukuita unitangazie."

Nilisimama pale mpaka mchikichi wa mwisho ulipolala. Kisha nikampigia mjukuu wangu, yule anayeongoza darasani, kwa simu ya mama yake. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mwambie baba yako kule juu shambani kwangu pako wazi. Asiniulize kwa nini."

Alikuja Jumapili. Mwanangu akitaka amani anasalimia Kiha.

"Mwakeye, Mama."

Nikamwitikia kwa Kiha vilevile. Hakusema asante na mimi sikumdai. Alitembea kwenye visiki, akakishika kimoja kwa kiganja, akatoa futi mfukoni akaanza kupima. Watoto wake wakakimbia wakakaa juu ya visiki kila mmoja na chake, wakagombania kipi ni chumba cha nani. Nilikwenda kupika.

Sasa msingi umepanda. Na juzi tu, nikiwa kichanjani, nilitazama juu nikaona fundi ametega kamba ya shimo la choo. Ameitega wapi? Huku chini! Karibu kabisa na bikoni, mteremko unaotazama matete. Nikapanda ule mlima kwa pumzi moja.

"Nani kasema hapa?"

"Mimi, Mama," mwanangu akajibu. "Upepo unapeleka harufu ziwani. Nyumbani haitafika."

Nilimtazama huyu mtoto niliyemnyonyesha. Baada ya yote yale.

"Kitoeni. Kikae kule juu, nyuma ya chumba chako."

"Mama! Dirisha langu liko pale!"

"Ndiyo. Mavi ni ya kwako, harufu inuse wewe. Ukiinusa utakijenga vizuri."

Fundi aligeuka pembeni anajifanya anakohoa. Mke wa mwanangu alicheka waziwazi, na hapo ndipo mwanangu naye akashindwa, akacheka huku amejishika kiuno, akang'oa kamba mwenyewe. Wakaitega juu. Wakaanza kuchimba siku hiyohiyo.

Nikarudi kichanjani. Ziwa limefunguliwa, dagaa wapo, nzi bado wapo. Nilikuwa nageuza dagaa nilipomwona fundi anateremka na toroli, amelijaza udongo wa lile shimo, anaimba, anaelekea kwenye matete.

Nilimwita kabla hajafika kwenye bikoni. Alirudi nalo juu, safari hii haimbi.